Upinde wa Bura na Ngozi Mbichi ya Olbalbal

Tangu nirudi kutoka Digodigo, kila anayeingia kibandani kwangu ananiuliza jambo lile lile kabla hajasema kama amefuata kiti au kitanda. "Fundi, ni kweli mlikimbizana na mbwa Wasso?" "Ni kweli lori lilifungwa kwa ngozi likatembea?" Nimesimulia mpaka kazi imelala. Sasa naandika mara moja. Anayetaka asome, na anayebisha amwendee Shangazi Agnesi, ajibiwe na yeye.

Karatu: ufa

Mdogo wangu Bura ni muuguzi kule Wasso. Huko alikutana na Elizabeti, binti wa Kisonjo kutoka Digodigo, aliyekuwa akimletea mgonjwa wake uji wodini. Uji ulipokwisha mazungumzo hayakwisha, na mgonjwa alipopona Elizabeti aliendelea kuwa na safari za Wasso. Bura akaenda kujitambulisha kwao. Baba yake, Mzee Dudui, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia:

"Ninyi Wambulu nawajua kwa jembe. Lakini mimi simtoi binti yangu aende kwenye nyumba isiyo na upinde. Niletee upinde uliochongwa kwenu. Nikiuvuta ukalia vizuri, tutakaa tuzungumze. Ukivunjika, basi na maneno yamevunjika."

Baba yetu ameshafariki. Mimi ndiye mkubwa, tena ndiye seremala, kwa hiyo mzigo ulikuwa wangu. Nilikuwa na mti wa mkole uliokaa darini juu ya moshi wa jiko mpaka ukasahaulika. Nikauchonga taratibu, nikausugua kwa kipande cha chupa, ukang'aa. Siku chache kabla ya kuondoka nikaufunga kamba ya kujaribia, nikauvuta. Ukalia "kwa!" Juu kidogo ya mahali pa kushika palitokea ufa mwembamba kama unywele.

Nikakaa chini palepale kwenye takataka za randa. Mti mwingine mkavu sikuwa nao, na mkole mbichi ukiuchonga leo, kesho umejikunja kama nyoka aliyekanyagwa.

Shangazi Agnesi, dada wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa awe msemaji wetu ukweni. Katika usichana wake alishona sketi za ngozi zenye shanga, zile ambazo siku hizi mnaziona kwenye masanduku ya bibi zenu tu. Mtu akitaka kujua jambo la ngozi anamwendea yeye, na akienda anajua atatukanwa kidogo kwanza. Alipitisha kidole juu ya ufa, akaguna.

"Huu haujafa. Unataka kuvishwa. Tafuta mkia wa dume la ng'ombe, mbichi, uchunwe mzima kama soksi. Unauvisha hapa ukiwa bado una maji. Ukikauka, unabana kuliko chuma."

Tukaenda kwa mnunuzi wa ngozi. Zake zilikuwa zimewambwa, zimekaushwa juani na kupakwa dawa ya wadudu, ngumu kama bati. Shangazi alinusa moja akapiga chafya mpaka kilemba kikaanguka. "Hii hata ukiiloweka mpaka Pasaka haitarudi kuwa ngozi," akasema. Na machinjioni siku zile hapakuchinjwa kitu ila mbuzi. Mkia wa mbuzi, nisameheni, unatosha kuvisha kalamu.

"Twende nao hivyohivyo," akasema Shangazi. "Kati ya hapa na Wasso kuna ng'ombe kuliko watu. Hatukosi mmoja mwenye mkia."

Ukingoni: mbogo na mgeni

Tulipata nafasi kwenye lori la mahindi. Dereva wake, Hamisi, ni mtu wa Kondoa, mwembamba, maneno mengi, aliyeapa kwamba anajua Kimaasai kuliko Wamaasai wenyewe. Shangazi alipewa kiti cha mbele. Mimi nilipanda juu ya magunia, nimeukumbatia upinde uliofungwa kwenye blanketi.

Kupanda ule mlima wa Ngorongoro hamhitaji niwaeleze. Mvuke wa injini ulichanganyika na ukungu, nikawa sioni hata miguu yangu. Karibu na ukingo wa kreta lori likasimama. Nikadhani tumefika mahali pa kuongeza maji. Kumbe katikati ya barabara amesimama mbogo dume, amelowa, anatafuna, anatutazama kama karani anayetaka kwenda kula.

Hamisi akapiga honi. Mbogo akatafuna. Akapiga tena. Mbogo akakojoa polepole, bila haraka yoyote, akaendelea kutafuna. Nyuma yetu ikaja Landrova ya watalii, nayo ikasimama. Tukakaa pale wote, matajiri kwa maskini, tukimsubiri ng'ombe wa porini amalize mawazo yake. Shangazi akafungua kikapu chake, akatoa viazi vya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi, akavigawa kwa madirisha ya magari yote mawili.

Mgeni mmoja mwenye ndevu nyekundu alikula kiazi na maganda yake, akafurahi. Blanketi langu lilikuwa limefunguka kidogo, akauona upinde. Akaanza kuonyesha kwa mikono: wewe, mimi, upinde. Dereva wao akatuambia, "Mgeni wangu ameupenda. Anauliza kama unauzwa."

"Mwambie huo una mchumba," Shangazi akajibu.

Sijui yule dereva alitafsiri vipi, kwa sababu mgeni alivua kofia, akamwinamia Shangazi kwa heshima nyingi, akampa pongezi. Mpaka leo nadhani huko kwao anasimulia kwamba alikutana na bibi arusi wa miaka sitini na zaidi kwenye ukungu. Mbogo aliposikia kicheko chetu ndipo alipoondoka.

Olbalbal: dume lililoanguka

Ukishateremka upande wa pili, ukungu unakatika kama umekatwa kwa shoka. Chini ni Olbalbal: nyasi kavu, vumbi, na mbali kabisa misururu ya ng'ombe wakienda majini. Pale bondeni ndipo kitu kilipolia chini ya lori, kama ubao ukivunjwa gotini. Hamisi akaingia uvunguni, akatoka na uso mrefu. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika jani kuu.

"Ingekuwa na gango la mti mgumu la kuibana, ningeifunga tukatambaa mpaka Wasso," akasema. Akazungusha macho. Mti hakuna. Macho yake yakapanda juu ya magunia, yakatulia kwenye blanketi langu.

"Fundi, hicho kimti chako..."

"Usimalizie," nikamwambia.

Wakati tunatazamana hivyo, wakapita wachungaji wawili. Hamisi akaenda kuzungumza nao, akarudi akitabasamu. Dume kubwa la boma la jirani lilikuwa limeteleza kwenye korongo likielekea majini, likavunjika mguu. Limechinjwa asubuhi ile ile. Shangazi hakungoja neno la pili. Alishashuka na kisu chake.

Mwenye boma ni Mzee Saruni, mtu mrefu wa shuka jekundu, usinga mkononi. Alikuwa amekaa juu ya kigoda akitazama watu wakichuna. Tulisalimiana, tukakalishwa, tukapewa maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Kisha Shangazi akamwambia Hamisi, "Haya, mwenye Kimaasai. Tuombee mkia."

Hamisi akakohoa, akasema maneno mengi. Mzee Saruni akautazama usinga wake, ambao kama mjuavyo nao ni mkia, tena ndiyo heshima ya mzee. Akamtazama Shangazi. Wanawake wakaziba midomo. Akasema neno moja fupi, na Hamisi akaanza kutoka jasho.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama mama anataka kukaa baraza la wazee."

Shangazi akasimama. Akaenda moja kwa moja mpaka pale nyama ilipolazwa juu ya majani, akaushika mkia wa dume kwa mkono mmoja, akaunyanyua juu, na kwa mkono mwingine akauonyesha kidole, kama mwalimu mbele ya darasa la kwanza. Boma zima likapasuka kwa kicheko. Mzee Saruni alicheka mpaka akafuta macho kwa shuka, kisha akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu:

"Kumbe ni ule! Mama, Kiswahili nakijua. Nimekaa Arusha miaka mingi. Nilikuwa nafurahia tu Kimaasai cha dereva wenu."

Nikaufungua upinde nimwonyeshe ulipopasuka. Kicheko kikapungua. Aliupima kwa mkono, akauliza taratibu, "Na huu ni wa kumpiga nani?"

Nilijua anachouliza. Babu zetu hawakuchonga pinde kwa ajili ya ndege. Walizichonga kwa ajili ya siku ambazo babu zake walipanda kuja kuchukua ng'ombe, na kwao wako waliokwenda wasirudi, kama kwetu walivyo walioachwa bila ng'ombe. Shangazi aliacha kunoa kisu.

"Ni wa kuolea," nikasema.

"Wa kuolea?"

Nikamweleza habari za Bura, za uji wa wodini na za Mzee Dudui. Alisikiliza akitikisa kichwa. Alilitazama dume lake tena. Alikuwa amelilea tangu ndama, lina jina, na jina hilo alilitaja mara moja tu kwa sauti ya chini, nami sikuomba alirudie.

"Tangu asubuhi nilikuwa najiuliza limekufa kwa ajili gani," akasema. "Kama ni kwa ajili ya harusi, heri. Chukueni mkia. Chukueni na ngozi ya shingo mkafunge gari lenu."

Hapo kazi ikaanza. Shangazi aliuchuna mkia kwa kuugeuza, polepole, bila kuutoboa hata mahali pamoja. Mke wa Mzee Saruni alikuja akatazama, akatikisa kichwa, akamnyang'anya kisu. Yeye alitaka mafuta yakwanguliwe kutoka kwenye shina kwenda nchani. Shangazi alitaka kutoka nchani kuja kwenye shina. Hawakuwa na lugha moja. Waligombana kwa mikono, kila mmoja kwa lugha yake, wakipokonyana kisu, na nilipojaribu kuingilia wote wawili walinifukuza. Walipomaliza, ngozi ilikuwa safi kama utumbo uliooshwa, na Shangazi alikuwa anamgawia ugoro.

Tukauvisha upinde. Nilishika ncha, Shangazi na mwenzake wakavuta ile soksi ya ngozi, sentimita kwa sentimita, manyoya nje, mpaka ikaufunika ufa. Nikafunga miisho yake kwa kano. Shangazi akakataza usiwekwe juani: "Ngozi ikikauka kwa haraka inapasuka. Iache kivulini ijifikirie."

Ngozi ya shingo tuliikata duara, kisha tukaizungushia kisu kutoka ukingoni kwenda katikati, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Kipande cha ukubwa wa sinia kilitoa ukanda mrefu wa kuzunguka lori. Mzee Saruni akang'oa nguzo ya zamani ya mzeituni pori kwenye zizi, nikaichonga gango. Tukaliweka juu ya springi, tukazungusha ukanda mbichi huku watu wawili wanavuta na mmoja anapigilia kwa jiwe. Joto la Olbalbal likafanya yaliyobaki. Wakati wa kungojea tulikula nyama ya kuchoma na supu chungu ya magome ya mti, na Hamisi akafundishwa na wanawake namna ya kusema "mkia". Jua lilipoanza kulegea aliigonga springi kwa nyundo. Ikalia ngo, ngo. Akanitazama kama mtu aliyeokoka.

Wasso: mbwa mwekundu

Tulitambaa usiku, tukatambaa na asubuhi yake. Hamisi alipita kila shimo kama anabeba mayai. Nyasi zilituchosha, vumbi likatufanya wote tuwe kabila moja, lakini springi haikusogea, na tulipofika Wasso alipiga honi kupita maduka yote mpaka watu wakatoka kuona kuna nini.

Bura alikuwa anatusubiri kwa sare yake nyeupe. Alikimbia kumkumbatia Shangazi, akasimama katikati ya njia.

"Shangazi, mnanuka nini?"

"Tunanuka mke wako," akamjibu. "Pokea mzigo."

Niliuegemeza upinde kivulini kwenye ukuta wa duka, nikageuka kushusha kikapu. Nilisikia mtu anapiga yowe. Mbwa mmoja mwekundu, masikio yameliwa na vita, alikuwa ameukamata upinde katikati, pale penye ngozi, na kwa kuwa ulikuwa mrefu kuliko yeye aliubeba kwa upande, akikimbia kama mtu anayepitisha ngazi sokoni. Alijigonga kwenye nguzo, akaanguka, akauokota tena. Bura na sare yake nyeupe mbele, mimi nyuma, Hamisi na nyundo, wenye maduka, mama wa maandazi na mwiko wake. Wagonjwa walitushangilia kwenye uzio wa hospitali. Mbwa alitaka kupita kati ya miti miwili iliyokaribiana; yeye akapita, upinde ukakataa. Alitoa mlio wa uchungu, akatuachia.

Nilipiga magoti nikautazama. Mti mzima. Ufa haukuchungulia nje ya ngozi. Ila ngozi ilikuwa haijakauka bado, na meno yote ya mbwa yalikuwa yamechora ndani yake, juu na chini, wazi kama muhuri. Nikataka kulia.

Shangazi akaupokea, akaukunja kidogo kwenye goti, akasikiliza. "Mbwa ameuma, upinde haukulia," akasema. "Basi ametujaribia."

Digodigo: mfereji na kamba

Kutoka Wasso gari lilitupeleka mpaka lilipochoka na barabara, kisha tukatembea. Baada ya mawe na miiba ya njia nzima, Digodigo ilikuwa kama kuingia chumba chenye maji. Mifereji inapita kila upande, inanong'ona, mihogo na viazi vimejaa, na hewa yenyewe ina unyevu. Tulipokewa kwa asali na ugali wa mtama, tukalala kama mawe. Upinde niliutundika ukutani, nimeshaufunga kamba ya mabaki ya ule ukanda wa Olbalbal, nimeisokota mwenyewe kwa ufundi wangu wote.

Asubuhi Mzee Dudui alikuja. Ni mfupi, mabega mapana, hana haraka. Watu wa mji walikuwa wamekaa tayari, na Elizabeti alikuwa mlangoni na mama zake, ameinamisha macho kama inavyopasa. Mzee aliupokea upinde. Aliuzungusha. Akafika kwenye alama za meno, akaweka vidole vyake juu ya matundu, kimoja kimoja.

"Huu umepigana na nani?"

Shangazi akasimulia yote, kuanzia mkia mpaka mwiko wa mama wa maandazi. Watu walicheka. Mzee Dudui hakucheka. Akaweka mshale, akavuta.

Hakuna kilicholia. Kamba yangu ilikuwa imekunywa unyevu wa mifereji usiku kucha, ikalegea kama utambi. Mshale ukaruka hatua chache, ukamwangukia mbuzi mgongoni bila kumdhuru, na mbuzi akageuka kuunusa.

Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimefikiria mti, nikafikiria ufa, nikafikiria mkia. Kamba nilikuwa nimeiacha kwenye mikono ya hali ya hewa.

Mzee Dudui aliivua kamba. Aliikunja, akamkabidhi mtu aliyekuwa karibu yake. Akaingia nyumbani. Tulisikia anapekua. Akatoka na kamba nyembamba ya kano, nyeusi kwa nta ya nyuki. Akaifunga upande mmoja, akaukunja upinde kwa paja lake, akaifunga upande wa pili. Akaigusa kwa kidole.

Ikalia. Sauti moja, nyembamba, ndefu, mpaka mbwa wa mji wakainua vichwa.

Akavuta mpaka sikioni. Nilifumba macho nikisubiri ule mlio wa "kwa!" Haukuja. Mshale ulipita juu ya mfereji, juu ya mashamba ya viazi, ukajikita kwenye mgomba upande wa pili, ukabaki unatetemeka. Mzee Dudui aliushusha upinde akaupapasa pale penye meno, na kwa mara ya kwanza akacheka, kicheko cha tumboni.

"Mti wa Wambulu," akasema, "ngozi ya Wamaasai, kamba yangu. Sasa nani atathubutu kusema huu si wa ukoo? Kaeni. Tuzungumze."

Tulizungumza mpaka asali ikaisha, ikaletwa nyingine. Shangazi alibishana na wazee wa pale kwa raha zake zote, na kila alipozidiwa aliomba aongezewe. Mimi nilitoka nje kupunga hewa. Elizabeti alikuwa anachota maji kwenye mfereji. Nikamwambia kwamba ile kamba ilipolegea nilidhani nimewapotezea ndoa yeye na Bura.

Alitazama nyuma kuhakikisha hakuna mzee anayesikia.

"Shemeji," akasema, akijitwika mtungi, "hata ungevunjika vipande, mimi nguo zangu ziko Wasso tangu juzi."